Niliitoa, Maumivu Yakabaki

Saa kumi za usiku, Kireka, pembezoni mwa Kampala. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukutani, simu nimeiegemeza kwenye ndoo ili tochi yake imulike. Mbele yangu, juu ya karatasi ya choo, kulikuwa na tamponi, kile kizibo cha pamba kinachowekwa ukeni kufyonza damu ya hedhi, niliyoitoa dakika chache kabla. Niliitazama kama mtu anavyoutazama mwiba aliokwisha kuung'oa mguuni. Nikangoja, kwa sababu mwiba ukitoka, mguu hutulia.

Tumbo halikutulia.

Maumivu yalianzia chini ya kitovu, yakazunguka kiunoni, yakashuka mapajani. Kila yalipokaza nilihesabu vigae vya ukutani, na kila yalipolegea nilisahau nimefika kigae cha ngapi. Karibu na alfajiri nikatapika. Adhana ilinikuta palepale, najiuliza kama nilichelewa kuitoa, kama kuna kipande kimebaki ndani, kama Mama alisema kweli.

Maana Mama alikuwa ameshasema. Miaka mitatu nyuma aliikuta ile boksi ndogo kwenye begi langu. Hakunigombeza. Aliishika kwa ncha za vidole akauliza, "Mwanangu, kitu kinaingia ndani mwako usiku kucha, nawe unalala usingizi?" Nilicheka siku ile. Sasa nilikuwa sakafuni na swali lake lilikuwa limekaa nami.

Asubuhi nilichukua boksi zima nikalitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikafunga mafundo mawili, nikatupa.

Yale mafundo mawili ndiyo yaliyonisumbua wiki sita zilizofuata. Kwa sababu mwezi uliofuata nilivaa pedi, siku zote tano, na saa kumi za usiku nilikuwa sakafuni tena. Bafu lilelile.

## Neno nililopewa

Waliokulia kambi za polisi Uganda wanakijua kibanda kiitwacho mama ingia pole bila kuelezwa. Chetu kilikuwa Jinja, kibanda cha bati cha duara, tulilala sita, kitenge kimetundikwa katikati kama pazia. Humo ndani msichana hawezi kuwa na hedhi kwa siri, na wala hawezi kuitaja. Vitambaa vyangu nilivianika chini ya sketi ya shule, sketi juu, kitambaa chini, na havikuwahi kukauka sawasawa.

Kambini tuliongea Kiswahili, kwa kuwa mstari mmoja wa vibanda ulikuwa na Wateso, Walugbara, Wagisu na Waacholi. Hata hivyo, katika lugha hiyo ya wote sikuwa na neno la kile kilichokuwa kinanipata kila mwezi. Aliyenipa neno ni jirani yetu, mke wa sajini mmoja, mama aliyelelewa Mombasa. Alinikuta nimejikunja nyuma ya jiko, akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake. "Una chango, mtoto. Wanawake wote wanalo. Ukizaa litapoa."

Nilikuwa na miaka 14.

Sijui nieleze vipi jinsi neno lile lilivyonisaidia. Chango. Nilikuwa na kitu chenye jina, na kama kina jina basi kuna mwingine aliyekipata kabla yangu. Nililala nimetulia usiku ule. Lakini neno hilohilo lilifunga mlango. Likishatajwa, hakuna aliyeuliza zaidi. Nilipoanguka kwenye paredi ya shule, nilibebwa hadi chini ya mwembe, nikapimwa malaria, sikukutwa nayo, nikapewa dawa ya malaria. Mwalimu aliyenipepea na daftari aliniambia kwa upole kabisa kwamba wenzangu nao wanapata, wanavumilia. Hakuwa mkatili. Alinipa alichopewa yeye.

Chango, vumilia, ukizaa. Nilitembea na maneno hayo matatu kwa miaka 17.

## Tulipopata wa kumlaumu

Tamponi ilikuja nikiwa na miaka 28. Mwenzangu wa kazini alinipa mbili siku tuliyokuwa tunaenda semina Entebbe, nami damu ilikuwa nyingi kiasi kwamba nilifikiria kusema naumwa. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye kikao cha saa tatu bila kugeuka kukagua kiti. Nilipanda boda bila kukunja sweta kiunoni. Nilipenda uhuru ule, na sitaki kuusahau kwa sababu tu ya mambo yaliyokuja baadaye.

Kulikuwa na miezi tamponi iliingia bila mimi kuhisi chochote. Na kulikuwa na miezi iligonga mahali fulani ndani, kina kirefu, nikaruka. Miezi hiyo niliihesabu kama ushahidi dhidi ya tamponi. Mama naye akaihesabu. Shangazi yangu, ambaye kwetu ndiye mwenye haki ya kusema mambo ya mwili wa msichana, aliongeza kuwa kitu kile kinapotelea tumboni na kinaharibu ubikira. Mimi nilikuwa mtu mzima nisiyehitaji kulindwa ubikira, lakini hofu ya shangazi haichagui umri.

Haipotelei tumboni. Nilikuja kuelezwa hivi: uke una mwisho, na mwisho wake ni mlango wa kizazi, ambao tundu lake ni dogo mno kupitisha tamponi. Inaweza kusahaulika, inaweza kusukumwa juu uzi usionekane, na hapo mhudumu wa afya huitoa kwa dakika chache. Inayosahaulika hujitangaza yenyewe kwa harufu mbaya na uchafu usio wa kawaida. Haiendi kokote.

Lakini sikulijua hilo usiku ule. Nilichojua ni kwamba naumia, na kuna kitu cha kigeni mwilini mwangu. Nani asingeunganisha viwili hivyo?

## Hofu ya kweli

Niliposoma, nilisoma kwa hasira, nikitafuta kuthibitisha kwamba tamponi ndiyo iliyoniumiza. Nilichokikuta kilinitisha kweli, ila kwa njia nyingine.

Mwaka 1978 daktari wa watoto huko Denver, James Todd, aliandika kuhusu watoto saba walioshikwa ghafla na homa kali, upele na kushuka kwa shinikizo la damu. Wengine kati yao walikuwa wavulana. Ugonjwa ule aliuita kwa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema mshtuko wa sumu. Sumu yenyewe hutengenezwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wanaishi naye puani au kwenye ngozi bila tatizo. Miaka miwili baadaye, 1980, ugonjwa huohuo uliwakumba wanawake wengi Marekani, wengi wao vijana wenye afya waliokuwa kwenye hedhi, na baadhi walikufa. Uchunguzi ulielekea kwenye tamponi zinazofyonza damu nyingi mno, zikakaa ndani muda mrefu. Aina moja, Rely ya kampuni ya Procter & Gamble, iliondolewa sokoni Septemba mwaka huo.

Nilisoma dalili moja moja, kidole kwenye kioo cha simu. Homa inayopanda ghafla hadi nyuzi 39 au zaidi. Kutapika. Kuharisha. Misuli kuuma mwili mzima. Kizunguzungu hadi kuzimia. Upele kama ngozi iliyoungua jua. Baada ya wiki moja au mbili, ngozi ya viganja na nyayo kubanduka.

Nilirudi kwenye usiku ule wa Kireka. Nilikuwa nimetapika, ndiyo. Lakini joto nilijipima alfajiri, na kipimajoto kilisoma 36.8. Sikuwa na upele. Kufika saa sita mchana nilikuwa naandika hesabu za ofisi, nimechoka, lakini mzima.

Nilikuwa nimeogopa kitu cha hatari kweli, kwa sababu ambayo haikuwa yake.

Na papo hapo nikaona hatari nyingine, yetu hapa. Msichana wa Kampala mwenye homa na kutapika, sisi sote tutasema nini? Malaria. Tutampeleka duka la dawa, atachomwa kidole, atapewa vidonge, atarudi kulala, na tamponi bado iko ndani. Hakuna atakayemuuliza, naye ataona aibu kutaja. Na ule upele mwekundu kama wa kuungua jua umeelezwa na watu waliokuwa wanatazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yangu utauona wapi? Wekundu unaweza kujitokeza zaidi machoni, mdomoni, kwenye ulimi. Kwa hiyo ndugu yangu, ukishikwa na homa ya ghafla siku zako ukiwa na tamponi, itoe, nenda hospitali saa hiyohiyo, na useme kwa kinywa chako: nilikuwa na tamponi. Aibu yake ni ya dakika moja.

Ugonjwa huu ni nadra. Ila kuujua hakugharimu kitu. Badilisha kila baada ya saa nne hadi nane, usipitishe nane. Chagua inayofyonza kidogo kabisa kwa kadiri ya damu yako, usichukue kubwa ili "idumu". Usiiweke siku isiyo na damu. Osha mikono kabla na baada, na hapa naelewa ninachoomba, maana nimekaa mtaa ambao bomba hukauka siku tatu na jerikeni la maji linanunuliwa. Siku ambayo maji hakuna, mimi huvaa pedi. Na kikombe cha hedhi nacho, ambacho wengine wanakikimbilia wakidhani hakina hatari hii, kimewahi kuhusishwa na ugonjwa huu, ingawa mara chache sana.

Kuna na habari ya metali. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima tamponi 30 wakakuta metali ndani yake, madini ya risasi (lead) yakiwemo, katika zote. Ilisambaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp kama moto wa nyasi. Walichopima ni kilichomo kwenye tamponi yenyewe. Hawakupima ni kiasi gani kinatoka na kuingia mwilini mwa mwanamke. Nataka jibu la swali hilo la pili, na ninaona ni haki yetu kulidai. Lakini metali hizo hazikuwa maelezo ya usiku wangu.

## Mkunga na kalenda

Nilikwenda kliniki tatu. Ya kwanza, malaria. Ya pili waliniambia ni maambukizi ya nyonga, yaani ya viungo vya uzazi, wakanipa antibayotiki za wiki mbili, na mume wangu naye akapewa, tukatazamana kwa siku kadhaa kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Skani ikasoma kila kitu ni sawa. Wakati ule karatasi ile yenye neno "kawaida" iliniumiza kuliko sindano.

Ya tatu alikuwepo mkunga wa makamo, mwenye miwani imefungwa kwa uzi. Nilimweleza habari za tamponi kwa kirefu, nikijishtaki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Na miezi ambayo hukuweka kitu?"

"Naumia, musawo."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka 14."

"Na hiki kitu umeanza lini?"

Sikujibu. Alivua miwani, akaichukua kalenda ya ukutani, ile ya matangazo ya duka la simenti, akanipa kalamu. Akaniambia niweke alama kila siku niliyoumia katika miezi miwili iliyopita, siyo siku za damu tu. Niliweka. Alama zilianza siku tatu kabla ya damu. Ziliendelea damu ilipokwisha. Kulikuwa na nyingine katikati ya mwezi. Akauliza kama naumia nikienda haja kubwa siku hizo. Akauliza, sauti chini, kama naumia nikiwa na mume wangu, ndani kabisa. Akauliza ile tamponi iliponigonga, ilinigonga wapi.

Palepale. Mahali pamoja.

Yale maumivu niliyoyaweka kwenye hesabu ya tamponi, yeye aliyasoma kama dalili. Tamponi ilikuwa imegusa mahali palipokuwa tayari panauma. Mtu akibonyeza jipu, hatusemi kidole ndicho kilicholeta jipu.

Alinieleza kwamba tumbo la hedhi la kawaida lina sababu yake: kizazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinakikaza ili kitoe damu, na zikizidi huleta hata kutapika na kuharisha. Ndiyo maana ibuprofeni, inayopunguza kemikali hizo, husaidia zaidi ikimezwa mapema, baada ya chakula, na isiwe kwa mwenye vidonda vya tumbo. Maumivu yanayoshinda dawa hiyo, yanayokuzuia shule au kazi, yanayokuja nje ya siku za damu, au yanayozidi mwaka hadi mwaka, hayo yanatafutiwa chanzo. Inaweza kuwa uvimbe wa kizazi, ambao sisi wanawake weusi tunaupata sana. Inaweza kuwa maambukizi kweli. Inaweza kuwa endometriosi: chembe zinazofanana na zile za ukuta wa ndani wa kizazi, zimeota nje yake, kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma karibu na utumbo, na kila mwezi zinachokozwa na homoni zilezile.

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Nina digrii, nasoma kila siku, nina miaka 31.

## Ugonjwa uliosemwa si wetu

Hapa ndipo nilipokasirika.

Kwa miongo mingi madaktari wa Marekani walifundishwa kwamba endometriosi ni ya wanawake wa kizungu wenye uwezo, waliochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi akija na maumivu hayohayo, aliandikiwa maambukizi ya nyonga. Mwaka 1976 daktari mweusi wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha alichokiona baada ya kuwachungulia wagonjwa wake weusi kwa kamera ndogo tumboni. Zaidi ya mmoja kati ya watano walioambiwa wana maambukizi ya nyonga walikuwa na endometriosi.

Nikakumbuka zile antibayotiki za wiki mbili. Nikakumbuka macho ya mume wangu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu uko kwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani, na kwamba mara nyingi huchukua kati ya miaka 4 na 12 kutambuliwa. Mimi nilichukua 17. Skani ya kawaida inaweza kuukosa kabisa. Ya kwangu ya pili, iliyofanywa na daktari wa wanawake aliyejua anachotafuta, ilionyesha uvimbe kwenye ovari ya kushoto, wa aina wanayoiita ya chokoleti kwa rangi ya damu iliyokaa ndani. Sentimita nne. Ulikuwa pale, na karatasi yangu ilisema kawaida.

Upasuaji wa kamera sikufanyiwa, kwa bei yake siwezi sasa. Daktari alisema si lazima usubiriwe ndipo tiba ianze, na mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 unakubali hivyo. Alinianzishia vidonge vya homoni. Nilivikataa wiki nzima, kwa kuwa nimekua nikisikia vinaua kizazi. Kilichonishawishi ni daktari kunitazama na kusema kwamba kinachoweza kuniletea shida ya kupata mtoto ni ugonjwa wenyewe, na kwamba siku nitakayotaka mimba tutaviacha.

Huu ni mwezi wa tatu. Siwezi kusema nimepona. Mwezi uliopita niliumia siku mbili, nikalala kitandani, si bafuni.

Na tamponi nimenunua tena. Ndogo, siku za semina.

## Tororo

Nilikwenda kumweleza Mama ana kwa ana, Tororo, walikojenga baada ya Baba kustaafu. Nilitarajia aseme, nilikuambia. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye yale maswali ya mkunga, haja kubwa, kiuno, mume, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Hayo yote," akasema, "nilikuwa nayo."

Mama amezaa watoto wanne. Aliniambia alivyokuwa anauma kitenge usiku ili Baba na sisi tusisikie, ndani ya kile kibanda cha bati ambamo mtu akikohoa jirani wa tatu anajua. Sikuwahi kumsikia hata mara moja. Jirani alimwambia naye kwamba akizaa litapoa. Alizaa mara nne, halikupoa. Lilikoma hedhi ilipokoma.

"Nilidhani nimekurithisha udhaifu," akasema. "Nilipoiona ile boksi nilifurahi, mwanangu. Nikasema kumbe ni kitu cha dukani."

Nilitaka kumjibu na sikuweza. Nilichukua ungo tukachambua pamoja hadi mchele ukaisha.

Daktari alikuwa amenieleza kuwa ugonjwa huu huonekana zaidi kwa mwenye mama au dada aliyenao. Nilikuwa bado sijapata namna ya kumwambia Mama hilo, kwa sababu tuna mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu.

Sikulazimika kulisema. Jumanne iliyopita simu ililia saa moja asubuhi, nikiwa kwenye taksi, tumekwama kabla ya Nakawa.

"Mdogo wako leo hakwenda shule," Mama akasema. Kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia mlango wa bati ukigongwa na upepo. "Anasema ni chango. Nimempa uji anywe kwanza, ndiyo nimpe dawa. Niambie, kwenye ile kalenda tunaanza kuweka alama leo, au tangu ile juzi alipoanza kushika kiuno?"

"Tangu juzi, Mama."

"Ngoja nitafute kalamu."